Mrembo wa Video za Bongo Fleva na Magunia ya Makumbi Aliyoyaonea Aibu

Jina kapuni, ila kama ulikuwa unafuatilia video za Bongo Fleva miaka kadhaa nyuma, sura yake unaijua. Ni yule mwenye shingo ndefu, anayeegemea gari huku msanii akiimba. Siku hizi hapigiwi simu tena, mabinti wapya wamejaa. Naye hakukaa kulia. Kwenye baraza ya chumba chake Sinza alipanga vyungu, akaanza kuuza miche ya maua, rihani na nyanya kupitia Instagram. Wadau wakampenda upya.

Kilichompa jina ni kwamba hakutumia udongo. Alipandia unga wa makumbi ya nazi, lile vumbi la kahawia linalobaki nyuzi zikishatolewa. Na alijua kueleza. Makumbi ni mepesi, hata ukiishi ghorofa ya nne chungu hakikuvunji mgongo. Yananyonya maji mengi kuliko uzito wake mara kadhaa, lakini bado yanapitisha hewa, mizizi haiozi. Tena ni takataka tu ya nazi, na mnazi unazaa mwaka mzima. Kule Ulaya walizoea kupandia udongo mweusi unaochimbwa kwenye vinamasi, ambao huchukua maelfu ya miaka kujijenga. Ukiisha, umeisha.

"Dada, unayatoa wapi?" Hilo swali halikosekani kwenye komenti.

"Yanatoka India, mpenzi."

Mwanzoni ilikuwa kweli. India na Sri Lanka ndio wababe wa hii biashara, na mzigo wao huja umeshindiliwa kama tofali, ukiumwagia maji unaumuka kama andazi. Lakini hela ilipokata, akaanza kuletewa magunia kwa boti kutoka Unguja, kijiji cha pwani ya mashariki, nyumbani kwa bibi yake. Bure kabisa. Jibu kwenye komenti likabaki lilelile, India.

Aibu ndiyo ilimfunga mdomo. Kule kijijini akinamama huyafukia makumbi ufukweni, bahari ikijaa na kutoka juu yake, miezi kibao mpaka yalainike. Kisha huyafukua, huyaponda kwa gongo na kusokota kamba. Harufu yake kali balaa. Bibi amefanya kazi hiyo tangu usichana, na ada ya shule ya mjukuu ilitoka kwenye kamba hizo hizo. Mrembo wa mjini hakutaka mtu aijue hiyo harufu.

Basi bwana, ikaja oda kubwa: vyungu 60 vya rihani kwa ajili ya zawadi za kichen pati. Bibi harusi akalipa nusu. Miche ikapandwa kwenye makumbi ya bibi, na wiki ya pili ncha za majani zikaanza kukauka kama zimepigwa pasi. Akadhani ni kiu, akazidisha maji. Wiki ya tatu vyungu 40 vilikuwa vimekufa. Bibi harusi akaposti picha. "Tapeli." "Rudi kwenye video." Na hakuweza kumuuliza mtu yeyote, maana kuuliza ni lazima useme makumbi yametoka wapi.

Usiku akampigia bibi huku analia.

"Mwanangu, makumbi si yamelala baharini miezi yote hiyo? Umeyaosha?"

Kimya.

Kesho yake bwana shamba wa duka la pembejeo alimalizia somo. Ile chumvi hung'ang'ania kwenye makumbi, inauzuia mche kunywa na kuunguza majani. Dawa ni kuloweka kwenye maji baridi ya bomba, kumwaga, kurudia tena na tena mpaka maji yatoke bila ladha ya chumvi. Kisha unayalaza usiku kucha kwenye maji yenye kalsiamu naitreti kidogo, kalsiamu inaifukuza sodiamu, halafu unasuuza tena. Na hata yakiwa safi, makumbi hayana chakula cha kutosha. Bila mbolea mche utadumaa.

Aliuza wigi lake la bei mbaya, akarudisha hela ya bibi harusi yote. Halafu akafanya jambo gumu zaidi: akaingia laivu bila mekapu, ndoo tatu mbele yake, akaonyesha jinsi ya kuosha. Akataja kijiji. Akasema India ilikuwa uongo, na mikono iliyoponda yale makumbi ni ya bibi yake.

Wengine walicheka, wengine wakaondoka. Waliobaki wakauliza bei ya gunia.

Swali hilo akalipeleka kwa bibi, kwa sababu hajawahi kumlipa hata shilingi. Bibi akanyamaza kidogo, kisha naye akauliza, "Kwani wewe chungu kimoja wakiuza kiasi gani?" Alipotajiwa, alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo magunia yana bei, na anayeipanga ni bibi.

Haya mdau, ungekuwa wewe ungesema ukweli laivu, au ungekomaa na India yako? Tiririka hapo chini.