Mkate Mgumu Uliotupokea Puglia

Sisi wenzenu tuliohamia Italia tuko wazima, na watoto pia wazima. Mhariri alituomba tuandike kidogo juu ya mahali tunapoishi, ili mtu aliye hapo kambini apate picha. Tulijiuliza tuandike nini: majumba, treni au bahari? Mwishowe tukakubaliana tuanze na kipande cha mkate, maana ndicho kilichotupokea.

Tunaishi jimbo la Puglia, kusini mashariki mwa Italia. Ukitazama ramani, Italia imekaa kama buti, na Puglia ndiyo kisigino chake. Nchi hii ni tambarare sehemu kubwa. Mizeituni iko kila upande, mingine mizee kabisa, shina limejipinda kama kamba. Mashamba yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa tu, bila saruji. Kiangazi jua linawaka hasa, na mchana watu wanafunga madirisha na kulala. Siku ya kwanza tulipoona hivyo tulidhani mji umehamwa!

Siku wageni walipokuja

Jumapili ya tatu tangu tufike, watu wawili wa parokia walisema watapita kutusalimu. Mnajua kwetu mgeni haondoki na mdomo mkavu. Tukafungua kabati. Tukakuta mkate wa siku nne, mgumu kama tofali, nyanya tano, kitunguu saumu kimoja na jibini nyeupe kidogo. Maduka ya mtaani yalikuwa yamefungwa. Basi tukaanza kulaumiana, huyu anasema "si nilikuambia ununue jana," yule anasema "pesa ulinipa?" Watoto kimya. Aibu ya kupokea wageni mikono mitupu, tena katika nchi ya watu, ilitukaba kooni.

Bibi jirani wa mlango wa pili akasikia zile kelele, akabisha hodi. Kiitaliano chetu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo tulimwonyesha kabati tu. Yeye hakutazama kilichokosekana. Alichukua ule mkate, ambao tulikuwa tumeuweka kando tuutupe, akaugonga kwa kidole, akacheka kwa furaha. Akaenda kwake, akarudi na kijiko kidogo cha makaa anachokiweka barazani. Tulipokiona na sisi tukacheka: kumbe ni mbabula tu, kama zetu!

Akakata mkate vipande vya unene wa kidole, akaviweka juu ya makaa hadi vikawa na mistari myeusi pande zote mbili. Akamenya punje ya kitunguu saumu, akaisugua juu ya mkate ungali moto. Mkate ukishakauka hivyo unakwaruza saumu wenyewe, mpaka punje inaisha mkononi. Akatia mafuta ya zeituni na chumvi kidogo. Nyanya alizikatakata na majani ya mrehani, akazipanga juu. Ile jibini akaichana kwa vidole, akaiweka kipande hapa, kipande pale. Rangi tatu zikatokea kwenye sahani: nyekundu, nyeupe na kijani, ndiyo bendera ya Italia yenyewe.

Wageni walipofika walikula wakanyamaza. Halafu mmoja wao, baba mtu mzima, akasema hivyo ndivyo mama yake alivyowalisha utotoni, kabla hawajawa na kitu. Hapo ndipo tuliporudishiwa pumzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile sisi wageni wa nchi tulikuwa wenyeji wa nyumba, tukapona.

Mkate usiotupwa

Chakula hiki kinaitwa bruschetta, mtamke "brusketa". Jina limetoka katika lahaja ya watu wa Roma, kwa neno lenye maana ya kuchoma juu ya makaa. Waitaliano hukila kabla ya chakula chenyewe, kufungua tumbo. Leo kiko hata katika hoteli za bei ghali, lakini chanzo chake ni jikoni kwa wakulima waliokataa kutupa mkate.

Katika mji wa Altamura, hapa hapa Puglia, mkate huokwa kwa unga wa ngano ngumu. Ndani ni wa manjano, na ganda lake ni nene. Zamani akina mama walikanda nyumbani, kisha wakapeleka kwenye tanuri la mji, la watu wote. Ili mikate isichanganyike, kila familia ilikuwa na muhuri wake wa mti wenye herufi za jina, wakapiga alama juu ya donge. Mkate huo ulikaa siku nyingi, na wachungaji walikwenda nao malishoni. Ukishakuwa mgumu, ulilowekwa kwenye supu au ulichomwa. Kutupa haikuwako.

Na msifikiri watu hawa hawajui kuhama. Kati ya mwaka 1876 na 1915, Waitaliano kama milioni 14 walihesabiwa kuondoka nchini mwao kutafuta maisha Marekani, Argentina, Brazili na kwingineko. Bibi jirani alituambia kwamba hata baba yake mdogo aliondoka na sanduku la mbao, asirudi.

Nyanya naye alikuwa mgeni

Hili lilitushangaza zaidi. Ukimwambia Mwitaliano kwamba nyanya si ya kwao, anaweza kukununia. Lakini ndivyo ilivyo. Nyanya ilitoka Amerika, ikaletwa Ulaya na Wahispania. Katika Italia iliandikwa mwaka 1548, kikapu kilipofikishwa kwa mtawala mjini Pisa. Waliiita pomodoro, yaani tofaa la dhahabu. Wengi waliiogopa, wakaitazama kama ua la bustani. Mpishi mmoja wa Naples, Antonio Latini, aliandika mchuzi wa nyanya katika kitabu chake cha miaka ya 1690, naye aliuita mchuzi wa Kihispania. Kwa hiyo ilipita miaka kama 150 hivi mgeni huyu akiwa bado anaitwa mtu wa kuja. Leo nani atapika Italia bila nyanya?

Tulimweleza bibi kwamba kwa Kiswahili nyanya ni tunda, na nyanya ni bibi pia. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo watoto wanamwita Nyanya.

Jibini ya Andria

Jibini, au fomaji kama wengi wetu tunavyosema, hapa si ile ngumu ya Masisi mliyoizoea wengine. Ni laini, nyeupe, ya kuliwa ikiwa mbichi. Maziwa yakishaganda, hukatwa na kutiwa maji ya moto sana, kisha huvutwa kama ubani wa kutafuna, na kukatwa madonge. Jina mozzarella limetoka katika neno la kukata. Katika mji wa Andria wana nyingine, burrata: mfuko mdogo wa jibini hiyo, uliojazwa nyuzi za jibini pamoja na malai, ukafungwa juu kama fundo la kanga lenye pesa. Na hiyo pia ni akili ya kutumia mabaki ya kazi ya siku.

Nyuma ya sahani

Tungeishia hapo, barua ingekuwa tamu. Lakini hatutaki kuwadanganya.

Kaskazini mwa jimbo letu kuna uwanda wa Foggia. Huko nyanya zinalimwa hadi macho yanachoka, nyingi za kutia koponi. Wanaovuna wengi ni wageni, na kati yao Waafrika ni wengi. Wengine wanalala katika vibanda vya mbao na plastiki. Tulipoviona tulikumbuka siku zetu za kwanza kambini, ila hapa hakuna hata shule ya watoto. Wapo nyapara wanaowasafirisha na kukata pesa zao. Sanduku moja la nyanya ni kama kilo 300, na malipo yaliyozoeleka yalikuwa euro 3 au 4 kwa sanduku. Sheria namba 199 ya mwaka 2016 inamwadhibu nyapara, na mwenye shamba pia, lakini sheria na shamba havikai pamoja siku zote.

Mwezi wa nane mwaka 2018, magari yaliyobeba wavunaji kutoka shambani yaligongana na malori karibu na Foggia. Tarehe 4 walikufa 4. Tarehe 6 wakafa 12. Watu 16 kwa siku tatu. Tarehe 8 wenzao wakaandamana hadi mjini wakiwa wamevaa kofia nyekundu, kama zile za kujikinga jua shambani.

Kijana mmoja wa kwetu aliwahi kufanya kazi hiyo misimu miwili. Alikuja kututembelea, tukamwandalia brusketa. Akakishika kipande, akakitazama muda mrefu, hali. Tukamwuliza, "Mwanetu, hupendi?" Akajibu, "Mama, nyanya hizi nazijua kwa sanduku. Sijawahi kukaribishwa nazo mezani." Kisha akala, vipande vinne. Sisi tuligeuka kutazama jiko ili asituone machozi.

Kwa hiyo, ninyi vijana, mtu akiwaambia Italia kazi zimejaa, msimkatalie, ila mwulizeni: mkataba uko wapi? Utalala wapi? Nani anakulipa, mwenye shamba au nyapara? Akishindwa kujibu, rudi nyumbani kwa mama yako.

Tujaribu hapo kambini

Akina mama na akina baba, chakula hiki mnakiweza. Kwa watu sita: vipande 6 vya mkate wa jana au juzi, nyanya 4 zilizoiva, punje 1 au 2 za kitunguu saumu, mafuta vijiko 3 vya mezani, chumvi. Zeituni hakuna? Tia alizeti kidogo. Kwa jibini: maziwa lita 1 na maji ya limau vijiko 3.

1. Chemsha maziwa ukikoroga yasiungue chini. Yakichemka, toa motoni. Mimina maji ya limau polepole, koroga taratibu mara chache, uache dakika 10. Yatajitenga, meupe mabonge, na maji ya kijanijani.

2. Chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa. Tia chumvi, funga, tundika kwa nusu saa. Yale maji usimwage, yapikie uji. Jibini hii iliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa hatuna friji.

3. Osha nyanya kwa maji safi, zikate ndogo, tia chumvi. Zikitoa maji, yamwage kidogo.

4. Choma mkate juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto, hadi ukauke pande zote mbili. Sugua saumu ungali moto, tia mafuta.

5. Weka nyanya na jibini mwisho kabisa, watu wakiwa wameshakaa. Ukitangulia, mkate utalowa na kulegea.

Na maziwa yakikosekana, usihuzunike. Bibi mwenyewe anasema jibini ni ya siku ya mgeni. Mkate, moto na saumu vinatosha.

Tunamaliza kwa neno hili. Mkate wetu ule wa siku nne ulikuwa wa kutupwa, na wakati mwingine mtu aliyekaa kambini miaka mingi naye anaanza kujiona hivyo hivyo. Msijione hivyo. Aliyejua mkate alitazama uliopo, akawasha moto. Mtusalimie wote: majirani wa mstari wetu, walimu wa watoto, na yule mama anayeuza nyanya kwa mafungu pale sokoni. Mwambieni bado tunamdai nyongeza moja!

Mungu awalinde. Tuonane katika toleo lijalo.

Familia yenu iliyoko Puglia