Saa ya Kumi na Moja

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haraka haraka haina baraka. Mwanafunzi mmoja wa tafsiri aliusadiki usemi huo siku aliporejeshewa zoezi lake likiwa limejaa wino mwekundu. Matini ya Kiingereza ilisimulia mgomo ulioepukwa baada ya mwajiri kuridhia nyongeza ya mshahara "katika saa ya kumi na moja." Kijana, akijua fika kuwa saa ya Mwingereza na ya Mswahili hupishana kwa saa sita, aliandika: saa tano usiku. Hesabu ilikuwa sahihi. Maana ndiyo iliyopotea.

Chuo kilipofungwa, alimsimulia babake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kibarua katika bandari ya Mombasa. Mzee alicheka.

"Mwanangu, hayo yametoka katika Biblia. Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri kutafuta wafanyakazi, akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Saa kumi na moja bado aliwakuta watu wamesimama bila kazi."

Ndipo kijana alipong'amua kuwa Injili ya Mathayo, sura ya 20, huhesabu saa tangu macheo, sawa na Mswahili. Saa kumi na moja ni jioni, saa moja tu kabla ya jua kuchwa. Msemo alioudhania mgeni ulikuwa ukisema kwa saa ya kwao.

"Lakini Baba, siku hizi Mwingereza huutumia kwa maana ya dakika za lala salama tu."

"Basi amesahau nusu ya kisa. Walioajiriwa saa hiyo walilipwa dinari moja, sawa na walioshinda juani. Mimi nami niliwahi kuitwa langoni saa hiyo hiyo. Nililipwa ujira wa saa moja."

Kijana alinyamaza. Alikuwa amefundishwa darasani kuwa neno kibarua limetokana na barua, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Hakuwahi kuuliza kikaratasi hicho kilinunua unga kiasi gani.

Muhula ulipoanza, aliirekebisha sentensi: mwajiri aliridhia "jua likikaribia kuchwa." Mhadhiri aliipitisha. Hata hivyo, kila aisomapo, kijana humwona mtu amesimama langoni, kivuli chake kikirefuka, akingoja kuitwa.