Kitambi Kilivyonitisha
Nilipooa nilikuwa na kilo 82. Miaka minne baadaye, 96. Mke wangu alikiita kitambi changu "mradi wetu", tukacheka. Kicheko kiliisha siku ya vipimo: kolesteroli milimoli 6.8 kwa lita, wakati inatakiwa isizidi 5.2. Baba aliondoka na kiharusi akiwa na miaka 51.

Tukaacha chipsi mayai za usiku, tukarudia maharage, mchicha na samaki wa kuchemsha. Jioni tunatembea dakika 40, simu tunaziacha nyumbani.

Miezi sita baadaye: kilo 88, kolesteroli 5.9. Trigliseridi ndiyo ilishuka zaidi. Kolesteroli nzuri iko pale pale. Daktari anasema mara nyingi hupanda uzito ukishatulia.

Bado sijafika. Ila jamani, mwanangu ana miaka miwili. Nataka anione nikizeeka, sio anisikie kwenye hadithi.