Shamba Halikosi Mwenyewe

Wanaokuja ofisini kwangu kutoka Uriri, Rongo, Ndhiwa au Mbita wakitaka kumilikishwa shamba walilolikalia kwa miaka mingi, huanza karibu wote kwa maneno yaleyale: "Wakili, hili shamba halina mwenyewe." Nawasihi wasiyatamke mbele ya jaji. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema ardhi ambayo mmiliki wake au mrithi wake hawezi kutambulika kwa njia yoyote ya kisheria ni ardhi ya umma, na kaunti huishika kwa niaba ya wakazi. Ardhi ya umma huipati kwa kuikalia, hata ukazeeka juu yake. Ukithibitisha kwamba shamba halina mwenyewe, umejifungia mlango.

Kwa hiyo tunaanza kwa kumtafuta mwenyewe. Bila nakala ya rejista iliyoidhinishwa na msajili wa ardhi, ombi lenyewe halisimami. Mashamba mengi ya kwetu yaligawiwa chini ya sheria ya ugawaji wa ardhi ya 1968, na majina yaliyoandikwa wakati ule bado yapo kitabuni ingawa wenyewe walishazikwa, au walivuka mpaka kwenda Tarime na Musoma. Marehemu hashtakiwi, kesi dhidi yake ni batili tangu siku ya kufunguliwa. Lazima apatikane msimamizi wa mirathi, na familia ikikaidi, tunaiomba mahakama iwaite wakubali au wakatae kazi hiyo. Aliye hai lakini hajulikani alipo, mahakama ikiridhika, huitwa kwa tangazo la gazeti.

Penye ugumu hasa ni miaka kumi na miwili ya kulikalia shamba inayotakiwa na Sura ya 22, sheria ya ukomo wa madai. Watu hudhani kuhesabu kunatosha. Kwetu kuna jadak, mtu aliyepokewa na ukoo mwingine akapewa mahali pa kujenga. Anaweza kuishi hapo miaka arobaini, akazikia wazazi wake hapo, na bado akashindwa, kwa sababu aliingia kwa ruhusa. Ruhusa haizai haki ya kumiliki kwa kukalia. Mnunuzi aliyelipa bei yote kisha asihamishiwe shamba, mara nyingi kwa kukosa idhini ya bodi ya ardhi, ana nguvu zaidi: muda wake huanza kuhesabiwa alipomaliza kulipa. Ndiyo maana nauliza sana kuhusu siku ya kwanza. Nani alikuonyesha mpaka? Ulimlipa nani? Picha za nyumba, ua na miti huja baadaye.

Ukishinda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iwe Migori au Homa Bay, shikilia amri iseme wazi kwamba Naibu Msajili wa mahakama atie saini hati za uhamisho badala ya mwenyewe, na kwamba hati miliki ya zamani isidaiwe. Ukiwa umekalia kipande tu, mpimaji akitenganishe. Nimeona watu wakitembea na hukumu nzuri mfukoni, ilhali rejista haijabadilika hata herufi.

Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani kule Malindi, katika kesi ya Mtana Lewa, ilikataa hoja kwamba sheria hii ya kumiliki kwa kukalia inavunja haki ya mali iliyo katika Katiba. Nakubaliana nayo, aliyelilima shamba kwa jasho, hadharani, mwenye jina akinyamaza, anastahili. Lakini kutafuta kwetu wakati mwingine humfikia mtu anayepumua. Mmoja alikuwa mjane anayeishi mbali, aliyefukuzwa na shemeji zake baada ya matanga, na mteja wangu alikuwa mtoto wa mmoja wao. Nilimrudishia faili lake. Nilimwambia kwamba aliyeingia kwa nguvu hahesabiwi muda, na kwamba jambo la kuzungumza na mama yule ni siku atakayomwachia shamba lake.