Sahani ya Bi Mkubwa

Mama yao alipofariki, mwalimu mstaafu wa Malindi, Unguja, alirithi sanduku la mvule lenye sahani kumi na moja za santuri, zote za sheleki, za mizunguko 78 kwa dakika. Mojawapo ni ya Siti binti Saad, katika uzao wa zile zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Ndugu zake watatu wanataka kuisikia sauti ambayo marehemu aliifuatisha chini kwa chini huku akikuna nazi. Sahani ni hiyo moja tu, na sheleki ikikosewa haisamehe.

Mpwa wake aliyeko Marekani akapiga simu. "Shikamoo mjomba. Huku mashine za zamani zimejaa, imara kama nanga. Nikuletee?" Mjomba alishukuru, akaomba siku tatu za kufikiri. Hakuwa na kiburi. Mota za mashine nyingi za zamani hufuata mpigo wa umeme, nao wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wa Unguja mara 50. Transfoma hupunguza volti tu, mpigo haiugusi. Sahani ya 78 ingezunguka kwa 65, na Siti akaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Za ukanda wa mpira hakuzitaka, kwani mpira hulegea, na joto la Kaskazi halina huruma. Mwisho akaiafiki Technics SL-1200MK7, iliyotoka mwaka 2019. Mota yake huzungusha sinia bila ukanda, na kasi yake hushikwa na kwatzi, si na mpigo wa ukutani. Tena inakwenda 78, jambo ambalo ile ya 1979, kipenzi cha madijei, haikuliweza. Vespa iliuzwa.

Sindano ndiyo iliyomkawiza. Sindano, wasemavyo wengi, ni sindano. Kumbe ncha ya sahani za vinaili ni nyembamba mno kwa mfereji wa 78. Hutumbukia hadi chini, ikaparura vumbi la miaka yote. Inatakiwa nene karibu mara tatu. Santuri ya mkono waliyokulia nayo ilikuwa na adhabu nyingine: sindano ya chuma, na uzito wa gramu mia na ushei juu ya sahani. Ndiyo maana sindano ilibadilishwa kila upande, na ndiyo maana sahani zilizopendwa sana zimechakaa kuliko zilizopuuzwa. Hii ya Siti imefifia katikati.

Alhamisi jioni ndugu walikusanyika. Dada yao mkubwa, kwa nia njema kabisa, alikuja na pamba na chupa ya spiriti ili aisafishe. Mwalimu akamshika mkono pamba ikiwa karibu kugusa.

"Dada, spiriti huyeyusha sheleki."

Akaipangusa kwa maji yaliyochujwa na kitambaa laini, akikwepa karatasi ya katikati, kisha akaisimamisha ukutani. Dada aliketi mkekani mbele yake, kimya, akingoja ikauke.