Avoka Asiyelala

Kijana mmoja wa hapa kwetu Mitwaba, aliye avoka mpya, alitujia jioni moja akasema: «Mwalimu, silali tena. Mteja ataka nimpelekee mwamuzi bahasha. Nikikataa, atanihama, na nyumbani hakutakuwa na unga.» Tulitaka kumjibu upesi kwa neno la katekesi, tukanyamaza, maana watoto wake hawali mahubiri.

Kisha tukamkumbusha Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Naye alisoma sheria, huko Goma, akafanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Alikataa rushwa ya waliotaka kupitisha chakula kilichoharibika. Mwezi wa Julai 2007 aliuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mjini Roma.

«Basi nami nife?» kijana akauliza. Hapana. Floribert hakutafuta kifo. Alikataa watu wasilishwe uozo. Wala hakusimama peke yake: alikuwa na ndugu wa Jumuiya ya Sant'Egidio, waliosali naye na kuwahudumia pamoja watoto wa mitaani.

Hapo tukalitambua kosa letu: twawafundisha vijana kukataa, kisha twawaacha wakatae peke yao. Bahasha aliikataa, na mteja akaondoka. Wiki ile mama mmoja wa jumuiya yetu alimpelekea unga, nasi tangu hapo twasali naye kila Ijumaa.

Vijana wapendwa, katika kikundi chenu yumo anayejifunza au anayefanya kazi ya sheria. Mwulizeni kama analala.