Kutoka Daraja la Muha hadi Vijiweni Musaga

Mto Muha ni mwembamba. Wakati wa kiangazi maji yake hujipenyeza katikati ya mawe, na mtu aliyesimama upande wa mjini anaweza kuzungumza na mwenzake wa upande wa mtaa wa Musaga bila kupaza sana sauti. Mwaka 2015, kuanzia mwisho wa Aprili, maandamano ya kupinga Rais Pierre Nkurunziza kugombea tena yalipoanza, daraja lake liligeuka mpaka. Huku polisi na magari yao, kule vijana wenye matawi mabichi mikononi na filimbi midomoni, wakiimba wimbo wa taifa. Walichotaka ni kuvuka na kufika Uwanja wa Uhuru, katikati ya Bujumbura. Walirudishwa kwa mabomu ya machozi, kisha kwa risasi. Waliofika uwanjani kwanza ni wanawake: Jumapili ya tarehe 10 Mei kundi la kina mama, mshairi Ketty Nivyabandi akiwa mmoja wa waliolipanga, lilijitokeza mjini na kusimama mahali ambapo wanaume walikuwa wamezuiwa kwa wiki mbili.

Kutoka darajani napanda kwa miguu. Mafuta ya petroli ni adimu, na foleni ya watu wanaosubiri basi ni ndefu kiasi kwamba wengi wameshaamua kutembea. Barabara namba 7, inayoelekea milima ya Bururi, ndiyo uti wa mgongo wa Musaga. Vichochoro vinachomoza pande zake mbili kwa namba, na ukimuuliza mtu anakaa wapi atakutajia namba ya avenyu kabla ya jambo jingine lolote. Kina mama wamepanga nyanya na ndizi kwenye magunia. Mafundi cherehani wako barazani. Harufu ya mishikaki ya mbuzi inatoka kwenye kabare, yaani baa za mtaani, ambazo milango yake imefunguliwa mapema.

Na hapo hapo, katikati ya maisha hayo, uko ukuta wa Mpimba.

Gereza kuu la Mpimba lilijengwa kwa ajili ya wafungwa 800. Kwa miaka mingi limekuwa likibeba maelfu. Watu wa Musaga wanalijua kwa namna ambayo mtu wa mtaa mwingine hawezi kulijua: wanaona familia zikija na sufuria, wanasikia nani ameletwa na nani ametoka. Pierre Claver Mbonimpa, aliyekuwa ofisa wa polisi, alifungwa hapa katikati ya miaka ya 1990, na aliyoyaona ndani ndiyo yaliyomfanya atumie maisha yake yote yaliyofuata kuwatetea wafungwa. Mwaka 2001 alianzisha chama cha APRODH. Mei 2014 akakamatwa tena na kurudishwa Mpimba, akiwa mzee mwenye kisukari, na ndipo watu wa kawaida walipobuni jambo ambalo mpaka leo nalihusudu: kila Ijumaa walivaa kijani, rangi ya sare ya wafungwa wa Burundi. Hapakuhitajika kibali wala kipaza sauti. Mwalimu alivaa shati la kijani akaenda darasani, muuza simu akavaa fulana ya kijani akafungua duka. Mzee aliachiwa Septemba mwaka huo kwa sababu za afya. Mwaka uliofuata, Agosti 2015, alipigwa risasi akiwa kwenye gari, akapona na kupelekwa Ubelgiji. Oktoba mkwewe aliuawa. Novemba mwanawe aliuawa.

Nimepitia kwanza Mpimba kwa sababu mara nyingi habari za mwaka 2015 husimuliwa kana kwamba vijana wa Musaga waliamka asubuhi moja wakajikuta waandamanaji. Sivyo. Walikuwa wamekaa vijiweni kwa miaka, wakizungumza. Vijiwe vyao huitwa ligala. Ni kona ya mtaa, gogo au ukuta mfupi, vijana wachache wasio na ajira na wachache wenye ajira isiyotosha, redio ndogo, na mabishano yasiyokwisha ya mpira na siasa. Wakati ule redio ilikuwa RPA, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Alexis Sinduhije. Mkurugenzi wake, Bob Rugurika, alipotolewa gerezani Februari 2015 baada ya mwezi mmoja wa kufungwa kwa sababu ya habari kuhusu mauaji ya watawa watatu wa Kiitaliano huko Kamenge, maelfu ya watu walijaa barabarani kumlaki. Waliojua kuhesabu umati walipaswa kuelewa siku ile kinachokuja.

Fundi mmoja mzee, ambaye cherehani yake imeangaliana na barabara hii tangu wakati wa vita, ananikaribisha kwenye benchi. Ananiita ndugu, kisha, akisikia natoka Kigoma, ananiita jirani. Hataki kuanza na 2015. Anaanza na 1994 na 1995, miaka ambayo Bujumbura iligawanywa kwa kabila. Kamenge kulikuwa kwa Wahutu. Musaga, Nyakabiga na Ngagara kukawa kwa Watutsi. Vijana wa kona hizi hizi walijiita Sans Échec, waliwafukuza majirani zao Wahutu, na waliua. "Niliwajua wengi," anasema, akiendelea kukanyaga cherehani. "Walikuwa watoto wetu."

Namshukuru kwa kutonificha hilo, kwani bila ya hilo haiwezekani kupima uzito wa yaliyotokea miaka 20 baadaye. Kijiwe hakina wema wa asili. Kinachoamua ni maneno yanayozungumzwa pale. Na mwaka 2015, Musaga ambayo ilikuwa imeanza tena kuchanganyika baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ilikuwa ikizungumza sheria. Vijana ambao hawakumaliza sekondari walikuwa wakitajiana ibara za katiba: ya 96, iliyosema rais huchaguliwa na wananchi kwa miaka 5 na anaweza kurudia mara moja tu, na ya 302, iliyosema rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito atachaguliwa na bunge. Pierre Nkurunziza alichaguliwa na bunge mwaka 2005 na wananchi mwaka 2010. Je, ule wa kwanza unahesabiwa? Chama tawala cha CNDD-FDD kilisema hauhesabiwi. Ligala zilisema unahesabiwa, na Arusha ilisema asiongoze zaidi ya vipindi viwili.

Kulikuwa pia na mbio. Bujumbura ni jiji la watu wanaokimbia kwa makundi asubuhi za mwisho wa wiki, wakiimba na kupiga makofi kwa mdundo mmoja, wakipanda vilima mpaka jasho linawamiminika. Tarehe 8 Machi 2014 wanachama wa chama cha upinzani cha MSD waliokuwa wakikimbia hivyo walipambana na polisi. Siku chache baadaye 21 kati yao walihukumiwa kifungo cha maisha, na jiji likapiga marufuku kukimbia kwa makundi isipokuwa kwenye viwanja vilivyoruhusiwa. Serikali ilielewa vizuri kwamba watu wanaoweza kukimbia pamoja wakiimba wanaweza pia kuandamana pamoja.

Jumamosi ya tarehe 25 Aprili 2015 Nkurunziza alitangazwa mgombea. Jumapili yake Musaga ilikuwa barabarani. Mama mmoja anayeuza dagaa na migebuka, ambayo hapa huitwa mukeke, ananiambia kwamba kwenye avenyu yake walichanga unga na maharage nyumba kwa nyumba, wakapika kwenye sufuria za harusi. "Watoto walikuwa wanarudi na macho mekundu, mwanangu. Ungewaacha na njaa?" Jumatatu RPA ilifungwa. WhatsApp na Facebook zikazimwa kwenye simu, vijana wakatafuta njia ya kuzunguka. Waandamanaji wakajulikana kwa jina la Sindumuja, yaani mimi si mtumwa. Kwa siku kadhaa za mwanzo wanajeshi walisimama kati yao na polisi, na kwenye barabara hii watu waliwashangilia.

Kulikuwa na doa pia. Tarehe 7 Mei huko Nyakabiga, mtu aliyeshukiwa kuwa Imbonerakure, yaani wa tawi la vijana la chama tawala, aliuawa na kuchomwa moto na kundi la waandamanaji. Nilimuuliza yule mama. Alinyamaza, akapanga upya mafungu ya dagaa, akasema waliofanya hivyo waliwasaidia wale waliotaka kusema kwamba wote ni wahuni.

Katika siku za jaribio la mapinduzi la Jenerali Godefroid Niyombare, lililoanza tarehe 13 Mei na kushindwa, redio binafsi zilishambuliwa na njia ya amani ikasongwa. Usiku watu waligonga masufuria na kupuliza filimbi polisi walipoingia mtaani, ili mwenye mtoto wa kiume amfiche. Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 11 Desemba. Alfajiri kambi za jeshi zilishambuliwa, ikiwemo ISCAM, chuo cha maofisa kilichopo hapa hapa Musaga. Serikali ilitangaza vifo 87. Msako ulipopita nyumba kwa nyumba, asubuhi ya pili maiti zililala vichochoroni, na Januari Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa alisema mashahidi wanataja makaburi ya pamoja yasiyopungua 9 ndani na kandokando ya jiji. Sitaieleza siku hiyo zaidi ya hapa. Waliofiwa bado wanapita barabara hii kwenda sokoni.

Baadhi ya waliotoroka walifika kwetu. Watu wa Kigoma tunaikumbuka Kagunga ya Mei 2015, kijiji kidogo cha ufukweni kilichofurika makumi ya maelfu ya watu, kipindupindu, na meli kuukuu ya MV Liemba ikiwapakia kuwaleta mjini. Mwana wa pili wa yule mama wa dagaa bado yuko kambi ya wakimbizi ya Nduta, Kibondo. Huzungumza naye kwa simu, na hawazungumzi siasa.

Musaga ya sasa ina kona tulivu kuliko inavyosimuliwa. Jumamosi asubuhi ni kazi za jumuiya. Baada ya hapo niliwakuta vijana kwenye ukingo wa korongo, wakijaza mchanga kwenye magunia, kwa sababu kila msimu wa mvua mito inakula ardhi na nyumba zinaanguka. Wengi wao walikuwa watoto wa shule ya msingi wakati wa vizuizi vya barabarani vya 2015. Kwa kazi hii ya magunia hakuna anayewauliza maswali, na wanaifanya kwa bidii ya kweli. Tulipokaa kupumzika, mmoja aliniuliza kwa Kiswahili safi cha mtaa wa Buyenzi kama Tanzania rais anakaa vipindi vingapi.

Nikasema viwili, vya miaka mitano mitano. Kwao, tangu kura ya maoni ya Mei 2018, ni viwili vya miaka saba.

"Na akifa katikati, makamu akashika? Hiyo inahesabiwaje?"

Nikamweleza ibara ya 40 ya Katiba yetu ya mwaka 1977: makamu akishika kwa miaka mitatu au zaidi, ataruhusiwa kugombea mara moja tu; chini ya hapo, mara mbili. Akataka kujua nani aliyeamua kuwa ni miaka mitatu, na kama mahakama inaweza kusema vingine. Wenzake waliweka majembe chini wakasogea. Mmoja alitoa simu, akaniomba nirudie ile ibara polepole ili aiandike.